Boti ya uvuvi: usianze na kioo kikubwa, anza na kinachowarudisha watu nyumbani



Somo la leo ni la wenye vyombo vya uvuvi. Hata kama huna chombo, ila kuna kifaa cha bei kubwa unataka kukinunulia biashara yako, soma hadi mwisho, kuna kitu utaondoka nacho. Ni refu kidogo. Nimeamua kuliandika kwa sababu watu wananiuliza sana: "Dada, nimepata hela ya mchezo, ninunue mashine ya kuonyesha samaki ya kioo cha inchi ngapi?" Huwa nawaambia wasubiri kwanza niwape stori yangu.

Mimi ni muuza samaki, Pangani. Nilianza na ndoo ya samaki wa kukaanga, nikapanda mpaka kununua jumla pale dikoni na kupeleka Muheza na Korogwe. Mungu akajalia, nikanunua boti ya faiba ya mita 7 na injini ya farasi 15. Nahodha wangu ni mjomba, kaka yake mama, anayeijua bahari hii tangu ujana wake. Chini yake wapo vijana watatu. Yaani boti yangu ikitoka, imebeba watu wanne, na mmoja wao ni damu yangu.

Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa ya kawaida. Siku nyingine changu na chewa wa kutosha, siku nyingine mafuta tu yameungua. Nikaona tatizo ni kutafuta samaki. Nikapanda basi mpaka Dar na shilingi 1,450,000 mfukoni, nikaingia duka moja la vifaa vya boti. Muuzaji akaniwashia mashine ya kioo kikubwa, samaki wa rangi wanapita, ramani imo humo humo, GPS imo humo humo. "Dada, hii ni kila kitu kwa pamoja," akasema. Nikalipa. Sikumpigia simu mjomba hata mara moja.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Usiku wenyewe

Fundi aliifunga mashine nyuma ya boti, karibu na panga la injini. Umeme tulichukua kwenye betri ya gari iliyokwisha kutumika, ya amp 60, ambayo tayari ilikuwa inawasha taa mbili za gari za kufanyia kazi usiku. Sikufikiria chochote. Betri si betri?

Siku ya tatu walitoka saa 11 jioni. Ilikuwa msimu wa kusi. Vijana walikuwa wameipenda mashine kupita kiasi. Kila ikionyesha alama ya samaki wanamwambia mjomba asogee mbele. Mjomba alitaka kukaa kwenye mwamba wake anaoujua. Lakini kwa kuwa mashine ni ya tajiri, na tajiri ni mimi, akawafuata. Aliniambia hivyo mwenyewe baadaye, na maneno hayo yaliniuma.

Walisogea mpaka wakatoka nje ya ukingo wa miamba. Wenzetu wa Tanga na Pangani mnajua, mkondo kati yetu na Pemba una kina kikubwa sana, katikati kinazidi mita 700. Si kama upande wa Unguja ambako maji ni ya kina kidogo. Huko nje mashine ikaanza kutoa namba za ajabu, mara 40, mara 12, mara inawaka na kuzima. Ilipofika kama saa 6 usiku taa zikafifia, kioo kikazima. GPS nayo ikaondoka, kwa sababu ilikuwa ndani ya mashine ile ile. Simu za vijana zilikuwa zimekwisha chaji kwa muziki. Ikapita mvua, taa za nchi kavu hazikuonekana tena.

Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo kwa sababu ya kuzunguka zunguka. Mjomba akaona akikimbia kiza kile bila kujua alipo, anaweza kupasua boti kwenye mwamba, au mafuta yakamwishia mbali. Akazima injini. Wakashusha nanga, kamba ikaisha, haikugusa chini. Wakakaa hivyo, mkondo unawabeba kwenda kaskazini. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi unakuwa na nguvu zaidi.

Mimi nilifika dikoni alfajiri na ndoo zangu. Saa 12 hawapo. Saa 2 hawapo. Saa 4 mke wa kijana mmoja akaja na mtoto mgongoni, akakaa kwenye mchanga karibu yangu, hakuniuliza kitu. Saa 8 mchana ndiyo nikapigiwa simu: boti ya wavuvi wa Kigombe imewaona, imewavuta mpaka kwao. Wote wazima.

Nimeuza samaki miaka mingi, nimepata hasara za kila aina. Ila yule mama kukaa karibu yangu bila kusema neno, hiyo hasara siitaki tena.

Tulikosea wapi

Nilipotulia nilikaa na mjomba pamoja na fundi mwingine, tukaichambua kesi nzima.

Kwanza, umeme. Taa moja ya gari ya wati 55 inakula karibu amp 4.6. Mbili ni amp 9 na kitu. Ukiziwasha saa tano, umekula amp 46 kwenye betri ya amp 60 ambayo ni kuukuu. Na injini yangu ni ya kuvuta kamba, haichaji betri kabisa. Mashine yenyewe ilikuwa inakula chini ya amp moja. Aliyetuua ni taa, mashine ikaonekana ndiyo mbaya.

Pili, kila kitu kilitegemea betri moja na kioo kimoja. Kilipozima, boti nzima ikawa kipofu.

Tatu, jicho la mashine, kile kipande kinachokaa majini, lilifungwa karibu na panga. Panga linatengeneza povu, na povu kwenye kioo linaonekana kama samaki. Vijana walikuwa wanafukuza povu.

Nne, mashine yetu ilikuwa ya masafa ya kilohezi 200 peke yake. Hiyo ni nzuri kwa maji ya kina kidogo, inaonyesha chini vizuri. Kwa maji ya kina kirefu unahitaji yenye kilohezi 50 pia, ambayo sauti yake inazama mbali zaidi. Halafu angalia, kile kina kinachoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni cha maji baridi ya ziwa. Kwenye chumvi kinapungua.

Tano, sikumuuliza nahodha.

Mpangilio wangu wa sasa

Hivi ndivyo ningenunua kama ningeanza upya leo. Fuata namba, usiruke.

1. Jaketi za uokozi, dira na tochi. Kila mtu jaketi lake, la kumtosha. Dira haina betri, haizimi. Najua si za elektroniki, lakini usinunue kitu chenye waya kabla ya hivi. Na kabla ya kutoka, sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Ni bure.

2. GPS ya mkononi inayotumia betri za tochi. Yangu ilinigharimu 420,000. Inakula betri mbili ndogo na inakaa usiku mzima, na tunabeba nyingine nne kwenye mfuko wa nailoni. Haitegemei betri ya boti wala mtandao wa simu, inasoma setilaiti moja kwa moja. Hakikisha imeandikwa IPX7, maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Uliza pia kama inaelea. Nyingi hazielei, zifunge kamba.

Huna 420,000? Simu janja yako ina GPS ndani na inafanya kazi hata pasipo na mtandao, ilimradi ramani umeishusha ukiwa nchi kavu. Itie kwenye mfuko usioingiza maji, iweke iwe ya kazi hiyo tu. Muziki wasikilizie simu nyingine.

3. Redio ya VHF ya mkononi. Simu ya kawaida ukienda mbali inakata, halafu inampigia mtu mmoja tu. VHF ikiita kwenye chaneli 16, wote walio karibu wenye redio wanasikia, meli pia. Chaneli 16 ndiyo ya dharura na ya kuitana, usipigie soga hapo. Usidanganywe kwamba inafika kila mahali. Mawimbi yake yanakwenda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo redio ya mkononi ya wati 5 kati ya boti mbili ndogo ihesabie kilomita chache tu. Ukiweza kufunga ya wati 25 yenye antena ndefu, utafika mbali zaidi. Masafa ya redio yanahitaji leseni, kwa hiyo pita TCRA kwanza uulize utaratibu. Na ukienda TASAC kwa ukaguzi wa chombo, waulize vifaa gani boti ya ukubwa wako inatakiwa kuwa navyo.

Wanaokwenda mbali sana, siku mbili tatu nje, fikirieni kile kifaa cha dharura cha setilaiti, cha megahezi 406. Ukikiwasha kinatuma mahali ulipo kwa waokoaji. Ni ghali, na lazima kisajiliwe kwa jina la chombo chako. Usinunue cha mtumba kilichosajiliwa kwa mwingine, waokoaji watatafuta boti isiyo yako.

4. Umeme. Usifike namba 5 bila kupita hapa. Chukua karatasi, fanya hesabu kama yangu:

Taa za LED, amp 1 kwa saa 10 = 10.
Mashine ya samaki, amp 0.8 kwa saa 10 = 8.
Kuchaji simu na redio = 4.
Jumla 22.

Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, inakufa mapema. Kwa hiyo 22 mara mbili ni 44, nikanunua ya amp 50, ya sola na siyo ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi mara moja kuwasha injini, haipendi kukamuliwa usiku kucha. Nikaweka na paneli ndogo ya sola nyumbani kwa mjomba, betri inachajiwa mchana wakiwa wamelala. Taa za gari niliziuza.

Waya wa mashine una fyuzi ndogo. Mafundi wengine wanaikata wanaunga moja kwa moja. Usikubali. Shoti moja inaondoka na mashine nzima. Na viungio vyote vipakwe grisi, chumvi inakula shaba kimya kimya.

5. Mashine ya kutafuta samaki. Ndiyo, ni ya mwisho. Ile ile niliyoinunua nimebaki nayo. Tulihamisha jicho, likawekwa mbali na panga, mahali ambapo maji yanapita yametulia. Sasa inafanya kazi vizuri kabisa kwenye miamba yetu ya mita 20 mpaka 60. Haikuwa mashine mbaya. Niliinunua kabla ya wakati wake.

Ujue inaona nini na haioni nini

Mashine inatuma sauti chini na kusikiliza mwangwi. Sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo jibu linarudi haraka. Sauti hiyo inapanuka kama koni. Yetu, kwenye kina cha mita 30, inaona duara la upana wa mita 10 hivi chini ya boti. Kilicho pembeni haikioni. Kwa hiyo haikuambii samaki wako wapi baharini, inakuambia kuna nini chini yako sasa hivi.

Kinachorudisha mwangwi vizuri ni mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki. Changu na chewa wanao, wanaonekana. Nguru hana mfuko huo, anaonekana kwa shida sana. Pweza ndiyo kabisa. Kama biashara yako ni nguru wa kuvuta kwa mshipi, hela ya mashine hii ifikirie mara mbili.

Zima zile picha za samaki wa rangi. Mashine inabahatisha, povu au majani yakipita inakuchorea samaki. Jifunzeni kusoma mwangwi wenyewe, na zaidi jifunzeni kusoma chini: mwamba mgumu unatoa mstari mnene, tope linatoa mstari hafifu. Mjomba siku hizi anaitumia zaidi kutafuta ukingo wa mwamba kuliko kutafuta samaki. Anasema samaki anajua mwenyewe watakuwa wapi, akishaupata ukingo.

Ukiwa dukani

- Uliza ramani ni ya wapi. Mashine nyingi za mtumba zimetoka Marekani au Ulaya na zina ramani za kwao. Huku utaona bahari nyeupe tupu.
- Angalia waya wa jicho. Ukiwa umekatwa na kuungwa, acha. Na hakikisha jicho ni la mashine hiyo hiyo, pini zinaingia sawa.
- Mwambie muuzaji abadilishe vipimo mbele yako. Yetu ilikuja kwenye futi. Mjomba anahesabu kwa pima, na mashine nyingi zina pima. Pima moja ni kama mita 1.8. Tulipobadilisha, akaanza kuisoma bila mkalimani.
- Kioo kisomeke juani. Toka nacho nje ya duka.
- Nenda na nahodha. Nauli yake ni ndogo kuliko hasara.

Hela inarudi vipi?

Kabla ya GPS, safari moja ilikuwa inakula lita 40 za petroli. Sasa ni 28, kwa sababu wanakwenda moja kwa moja kwenye mwamba na kurudi moja kwa moja, na mlango wa mto wanauingia kwa njia waliyoihifadhi. Lita 12, tuseme kwa 3,000, ni 36,000 kila safari.

Usikimbilie kusema nimerudisha 420,000 kwa safari 12. Sisi tunatoa gharama kwanza, kinachobaki nusu ya chombo, nusu ya mabaharia. Kwa hiyo kwenye ile 36,000 yangu ni 18,000. Ni safari 24, kwetu mwezi mmoja na nusu. Bado ni biashara nzuri sana. Lakini piga hesabu ya mfuko wako, siyo ya boti nzima.

Faida nyingine: tumeweka alama za mipaka ya hifadhi ya kisiwa cha Maziwe, ambako uvuvi hauruhusiwi. Usiku huwezi kubahatisha mpaka kwa macho.

Jambo ambalo muuzaji hatakuambia

Nilipomletea mjomba GPS nilidhani atafurahi. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "miamba hii nilionyeshwa na baba yangu. Huu unaupata ukiweka mnazi ule sawa na kilima kile. Nikiitia humu kwenye kidude chako, kesho ukinichoka unampa kijana yeyote anakwenda. Mimi nitabaki na nini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani, nikakaa na jambo hilo siku mbili. Kiukweli alikuwa sahihi. Vituo vile ndiyo mtaji wake. Mimi nina boti, yeye ana miamba, na nilitaka animwagie mtaji wake wote bure kwa sababu nimenunua kifaa.

Siku ya tatu nilikwenda nikamwamkia, nikamwambia, "Mjomba, GPS iwe yako. Nusu ya bei utanirudishia kidogo kidogo kwenye mgao, ukimaliza ni mali yako kabisa. Unalala nayo kwako. Ninachoomba ni kimoja: njia ya kurudi nyumbani na mlango wa mto, hivyo vijana wote wavijue, na viwe pia kwenye simu ya boti. Miamba ni yako." Akakubali, tena mbele ya vijana.

Ndiyo, nimejiweka kwenye hatari. Mjomba akihama, miamba inaondoka naye. Nimeikubali hatari hiyo. Tangu siku ile anahifadhi vituo kwa moyo, na asubuhi ananiambia mwenyewe wapi walipata na wapi hawakupata. Kabla ya hapo alikuwa ananiambia "bahari tu, mwanangu."

Kwa hiyo ndugu yangu unayeuliza inchi ngapi, jiulize hivi kwanza: betri ikizima saa 6 usiku, watu wako watarudi kwa kitu gani? Ukiwa na jibu, rudi hapa tuongelee kioo.

Wenye vyombo wa Tanga, Mafia, Kilwa, Lamu na wa visiwani, kifaa gani kimewalipa na kipi kimewala hela? Andikeni hapo chini tujifunze. Na mtumie nahodha wako somo hili kabla hujapanda basi la Dar.